Digrii ya Nafasi

8 Januari

Binti yangu wa mwisho,

Salamu tele kama vumbi la mbao. Hujambo? Mimi sijambo, mgongo haujambo, na meno yaliyobaki nayo hayajambo. Barua hii naiandika mwenyewe, sikumwomba mtu, na mimi niliishia darasa la tatu. Wenzangu wa darasa la saba bado wanatia dole gumba.

Nasikia unataka kuiacha hiyo digrii na umebakiza mwaka mmoja. Thubutu! Mtaa mzima unajua binti wa seremala anasomea nafasi. Si wewe mwenyewe uliyeniandikia, "Baba, nasoma elimu ya nafasi"? Nikasema hapo ndipo penyewe, huyu atakaa ofisini akigawa nafasi za kazi. Mke wa mwenye mashine ya kusaga nimemwandika wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri kazi. Muuza mbao ameandikisha wanawe wote wawili. Leo nikawaambie nini?

Soma.

Baba yako, fundi wa mafundi


17 Januari

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo unaendelea vizuri. Mimi mzima, ila mawazo.

Sijui nicheke au nilie. Baba, niliandika nafsi. N-a-f-s-i. Ni elimu ya yaliyomo ndani ya mtu: woga wake, huzuni yake, kwa nini anafanya asichotaka. Haimgawii mtu kazi, hata mimi hainigawii. Nimewauliza kumi na wawili waliomaliza mwaka juzi. Mmoja tu ndiye anayefanya kazi ya ushauri, tena baada ya kusoma miaka miwili zaidi. Wengine wanauza simu, wanapokea wageni hotelini, au wako nyumbani kwao. Waliosomea uhasibu wameanza na mshahara mara mbili ya wanaoupata hawa.

Chuo kimekubali nihamie uhasibu. Fomu inataka saini ya mlipaji kabla ya tarehe 31. Nimeiweka humu humu kwenye bahasha. Tafadhali, baba.

Mwanao


6 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Huku ni wazima, na kuku wametaga.

Barua yako ilifika tarehe 22. Nimejibu leo kwa makusudi. Fomu nimeifungia kabatini, na kabati nililitengeneza mimi, halifunguki ovyo.

Na sikukosea kusoma. Wewe ndiye uliyeandika vibaya. Hiyo "a" ilikuwepo, niliiona kwa macho haya yanayojua msumari umepinda kabla haujagongwa. Watu wanakuja mlangoni na vyeti vya watoto wao, nawapokea, nawaambia subirini. Nikisema ilikuwa nafsi watanicheka mpaka kaburini. Nafsi kila mtu anayo, tena ya bure! Nani anakwenda chuo kusomea kitu alichozaliwa nacho?

Ada nimelipa yote mpaka mwisho. Usiulize nimetoa wapi. Mimi sikosi.

Baba yako


20 Mei

Baba, shikamoo. Mimi mzima, sina neno refu la salamu leo.

Shangazi amepita hapa. Amesema karakana yako ulimuuzia muuza mbao wiki ileile uliyopata fomu yangu. Na bado umo humo humo, unamtengenezea milango kwa mshahara, unaingia saa moja, na ukitaka kwenda kunywa maji unaomba ruhusa. Kwenye benchi lako mwenyewe, baba! Miaka arobaini!

Sasa mimi siwezi kuacha, maana karakana imeshakuwa ada. Nawe huna pa kurudi. Umetupigilia misumari sote wawili, halafu ukanyamaza.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima kabisa, usimsikilize shangazi yako, huyo mdomo wake hauna bawaba.

Nimekawia kwa sababu ya kazi. Tajiri ananitegemea. Bila mimi milango yake ingefungukia juu.

Nina swali, si langu. Kuna mzee jirani hapa, fundi mzuri, ingawa hanifikii. Asubuhi anavaa kiatu kimoja, cha pili anakishika tu. Anakaa hivyo kitandani mpaka jua lifike ukutani. Haumwi. Chakula anakula, lakini ni kama anatafuna karatasi. Juzi alikata mlango mfupi, yeye ambaye hajakata mfupi tangu azaliwe. Tajiri akamfokea mbele ya wateja, naye akajibu, "Samahani, bosi." Kila nikikumbuka, yaani kila akikumbuka, anatamani ardhi ipasuke.

Hiyo elimu yako inamwitaje mtu wa namna hiyo? Nauliza tu.

Baba yako


9 Septemba

Baba, shikamoo. Na huyo mzee mpe shikamoo yake.

Elimu yangu haimwiti mvivu wala mwenda wazimu. Inamwona mtu aliyepoteza kitu kikubwa na hakupata pa kukililia. Dawa ya kumeza sina. Ningemwomba tu anisimulie siku ya kwanza alipokwenda kazini kwa mtu mwingine. Asiniambie ni mzima. Aseme panapouma, hata kwa matusi, hata kama wa kulaumiwa ni mimi. Nitasoma kila neno.

Na kiatu cha pili akivae kwanza, kisha akae atakavyo.

Mwanao


23 Septemba

Mwanangu, hujambo?

Mzee nimemsomea. Amesema hana ugonjwa wowote, na wewe bado mwanafunzi, utamwambia nini mtu aliyeshika randa kabla mama yako hajaota meno? Nikamwambia haya, yaishe.

Halafu akaniambia niandike. Siku ile ya kwanza ya kazi ufunguo wake ulikuwa bado mfukoni. Akauchomeka mlangoni kwa mazoea, haukuingia. Kitasa kilikuwa kimebadilishwa. Akasimama nje pamoja na vibarua, wakimwita mzee, mzee, mpaka alipokuja mwenye mlango.

Hakuwahi kumwambia mtu. Anasema mengine yapo, yanajaza daftari.

Ameuliza pia, kusikilizwa namna hii, huko watu wanalipa kiasi gani? Nimemwambia sijui.

Kesho anaingia saa moja kama kawaida. Majibu yake yatume kwangu. Yeye hana anwani.

Baba