Masenge Hajafika

Jumatatu, 20 Novemba 1978

Basi la Kasulu halikuja. Nimekaa stendi hapa Kibondo tangu saa kumi na moja alfajiri, juu ya sanduku langu. Saa nne ndiyo karani anakuja, huku anapiga mswaki! Eti basi limechukuliwa, linapeleka askari Kagera. Sawa, adui apigwe. Lakini si angesema jana?

Harusi ya Kezia ni Jumamosi huko Kasulu, saa nne asubuhi. Kuahirisha hakuna, bwana harusi ni mgambo na Jumatatu anaripoti kambini. Na kwetu msichana hatoki kwa baba yake bila shangazi. Shangazi ni mimi, niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nisipofika yupo mdogo wangu Pelagia, anakiotea kiti hicho miaka yote. Pelagia amfunde mtoto yule! Aliyeachika mara mbili! Mungu nisamehe.

Jumanne, 21 Novemba

Teksi ya Abdalah. Pijo moja, milango mitatu inafunguka, wa nne umefungwa kwa kamba. "Tunaondoka sasa hivi, Mama Mwalimu, bado mtu mmoja tu." Nikaingia saa moja. Tukazunguka kumtafuta huyo mtu mmoja: sokoni, hospitali, bomani, sokoni tena. Akipatikana mmoja, mwingine anachoka na kushuka. Nimeishi Kibondo miaka tisa, sijawahi kuiona yote kama leo!

Saa kumi tumejaa. Saa kumi na robo Abdalah anakumbuka hana petroli. Kibali anacho, ila bwana wa kusaini kibali ameshakwenda nyumbani.

Nimerudi kulala kwangu. Majirani walishaniaga mara mbili, nimepita uani.

Jumatano, 22 Novemba

Tumeondoka! Tumefika Busunzu. Hapo tukakuta mwanamke ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Abdalah akatushusha wote, akageuza gari kumrudisha hospitali Kibondo. Nani atabisha? Sikubisha. Nilimshika yule mama mkono, nikamwambia, "Ihangane, vumilia, utajifungua salama." Gari lilipopotea nikalaani barabara nzima, kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua. Lori la mahindi. Tumekwama mara tatu kabla ya Makere. Utingo anapiga kelele: wanaume washuke wasukume, akina mama wabaki. Mara ya tatu akaniangalia mimi peke yangu. "Mama, na wewe shuka, samahani."

Lori limeishia Makere. Nimepokelewa kwa katekista.

Ijumaa, 24 Novemba

Hakuna kitu. Malori ya jeshi tu, na yote yanatoka Kasulu. Kila kinachotembea kinakwenda nisikotaka!

Mchana akapita Tharsisi, kijana wa baiskeli, anapeleka ndizi Kasulu. Nikamwomba anipakie. Akanitazama, akatazama mikungu yake. "Ndizi zina mwenyewe anazisubiri, Mama."

"Na mimi ninasubiriwa!"

Akakaza kamba ya mikungu yake, ila alikubali kupeleka ujumbe kwa kaka yangu, baba yake Kezia: Masenge yuko Makere, mngojeni, anakuja na gari lolote. Masenge ndivyo Kezia anavyoniita, ndivyo tunavyowaita mashangazi kwetu.

Usiku wa leo ndio wa kumfunda. Nimelia, nasema kweli. Maneno yote ninayo, aliyenipa ni shangazi yangu mimi, na nimelala nayo kwa katekista.

Jumamosi, 25 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu, lori kutoka Kibondo. Nikasimama katikati ya barabara, mikono juu. Likasimama. Nyuma wamejaa akina mama wamejifunga khanga viunoni, na katikati yao jeneza.

Bibi alitufundisha: anayempeleka bibi harusi haketi na maiti. Akikaa, haingii kwa wenye harusi mpaka aoge na kubadili nguo. Hilo sijalivunja maisha yangu yote.

Mtoto wa marehemu, jina lake Bazilio, akaniuliza nakwenda wapi. Nikasema harusini. Akanyoosha mkono. "Panda, Mama. Mzee alipenda sana harusi."

Nimepanda. Njiani nimelia kuliko wafiwa, mpaka mama mmoja akaniuliza nilikuwa nani kwa marehemu.

Nilidhani nitashuka mjini mapema, nitafute maji. Dereva hakusimama. Kapitiliza hadi uwanja wa kanisa lile lile la harusi, maana ibada ya mazishi nayo ni leo, baada ya ndoa! Sasa saa nne na nusu. Tumeambiwa tungoje pembeni hadi harusi iishe, na harusi haijaanza. Naandika nimejibanza nyuma ya jeneza.

Nawaona. Kezia yuko mlangoni, amevaa nyeupe. Ujumbe ulifika, maana kaka yangu amesimama barabarani anatazama kila gari. Hili letu kalitazama mara moja, akavua kofia kwa heshima, akageuka upande mwingine. Nani atamtafuta shangazi wa bibi harusi humu?

Padri ametoka, anaonyesha saa yake. Bwana harusi anakuna shingo.

Nikinyamaza, Pelagia ndiye atakayempeleka. Nikiita, siku ya harusi yake mtoto ataitwa kutoka kwenye gari la maiti, na nitateremka mbele ya watu wote na vumbi la msiba. Bazilio ananiuliza kwa sauti ya chini, "Ndiye yule, Mama?"

Pelagia amemshika mkono. Kezia ameutoa. Anashuka ngazi peke yake, anaangalia njia ya Kibondo.