Vigingi Juu ya Shamba Letu

Mjukuu wangu Salumu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako anakohoa lakini anakula. Mama yako mzima, na mdogo wako Zuhura ameota meno.

Umeuliza kwa nini jumbe hatoki tena kwenye ukoo wetu. Nilipokuwa msichana, jumbe alichaguliwa kwa watu kusimama nyuma ya mtu wanayemtaka, na sisi ndio tulikuwa wengi. Akida wa Wadachi akaja akafanya kijito kuwa mpaka. Ndugu zetu wa ng'ambo wakaambiwa wana jumbe wao. Siku ya kusimama, jirani akamcheka mama yangu, "Mama weee, watu wako wameliwa na simba?"

"Wameliwa na kijito," akamjibu.

Hakufa mtu, hakuhama mtu, lakini tukawa wachache huku na ng'ambo, tukashindwa kote. Tangu hapo vijana wetu ndio hutangulizwa kazi ya barabara.

Sasa askari wanachomeka vigingi vya mpaka mpya juu ya shamba letu, na jumbe mpya anatafutwa. Naogopa, mwanangu. Wewe uko Morogoro karibu na boma. Waulize makarani mpaka utapita wapi, uniletee jibu upesi, kabla hatujaitwa kusimama.

Bibi yako