Funda la Maji Kati Yetu

Mpendwa dada,

Haya, umeshinda. Nimekuita dada. Umenidai neno hilo tangu tunaanza kusema, nami nikakunyima kwa ubishi tu, nikikuita Kulwa kama mtu wa rika langu. "Mimi ndiye niliyetangulia, we Doto, nipe heshima yangu," ulikuwa unasema. Nami nakujibu kwamba huko kutangulia kwako kulikuwa kwa funda moja la maji. Si ndivyo Mama alivyotusimulia? Alipokwisha kukuzaa wewe akaomba maji, mkunga akamnywesha funda moja, na kabla halijashuka vizuri nikaja mimi. Kwetu Tabora hawaumizi kichwa kutafuta majina ya mapacha: aliyetangulia Kulwa, aliyefuata Doto, basi. Sasa sina wa kubishana naye. Neno nimebaki nalo mdomoni, nakupa bure.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwetu Satwa, hapa Dubai, nimekaa kwenye kitanda chako cha chini, ambacho bado hakijapata mtu. Kesho asubuhi natakiwa hospitali, Oud Metha, nikapimwe moyo. Yule daktari aliyekupokea siku walipokukimbiza kutoka mgahawani kwenu kazini, mimi nilipofika mbio, aliniangalia akarudi nyuma hatua. Alikuwa ametoka kuifunika sura hii hii. Alipojikusanya akaniuliza kama sisi ni mapacha wa kufanana, kisha akasema, "Basi na wewe uje tukupime. Usichelewe."

Nimechelewa. Nimeahirisha mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya kazi, mara ya pili bila sababu yoyote. Kinachonisumbua ni hiki, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia: sijui naogopa jibu lipi.

Unakumbuka nilipochagua kusoma falsafa? Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Utaajiriwa na nani, Doto? Na wazee wa Kiyunani waliokufa?" Wewe ukasomea hoteli kwa sababu watu watakula siku zote. Na kweli, wewe ndiye uliyetangulia Dubai, ukanitafutia nafasi, na falsafa yangu yote ikaishia Silicon Oasis, kupokea simu za wateja wenye hasira. Ila Ijumaa tulizokuwa wote mapumziko, tumekaa na chai zetu za karak nje ya kibanda cha yule Mhindi, ni wewe uliyekuwa unaanza. "Haya, wale wazee wako wamesema nini tena?"

Uliyoipenda kuliko zote ni ile ya mapacha. Nilikuambia kwamba wako walioamini kuwa nyota za saa unayozaliwa ndizo zinazopanga maisha yako yote. Wapinzani wao wakawauliza swali moja tu: je, mapacha? Mama mmoja, saa moja, mbona mmoja anatajirika na mwenzake anaombaomba? Mmoja wa wale wa nyota akachukua gurudumu la mfinyanzi, akalizungusha kwa nguvu, akaligusa kwa wino mara mbili, upesi upesi, kama mahali pale pale. Liliposimama, alama mbili zikaonekana ziko mbalimbali. Mbingu nayo, akasema, inazunguka kwa kasi hiyo.

Uliweka kikombe chini. "Kwa hiyo lile funda la maji la Mama ni mbingu nzima?"

Nikasema kwa hesabu zao, ndiyo.

"Ndiyo maana mimi mrembo kuliko wewe," ukasema, na sura ni moja! Yule Mhindi mwenyewe alikuwa akikupa wewe chenji yangu.

Nikakusimulia na ile ya ndugu wawili walioanza kuugua pamoja, ugonjwa ukawapanda pamoja na ukawashuka pamoja. Tabibu akasema hawa lazima ni mapacha, wana mwili mmoja na malezi mamoja. Mwanafalsafa akasema hapana, ni nyota zao. Wewe ukasema wote wawili wanajisumbua. "Kama ipo, ipo tu."

Kama ipo, ipo tu! Nimelichoka neno hilo, Kulwa. Dada. Ulilisema kuhusu viza, ukalisema kuhusu yule mwanamume wa Dodoma aliyekuahidi ndoa, ukalisema tulipokosa nafasi ya kwenda nyumbani Krismasi. Lilikuwa linakutuliza, na mara nyingine lilinituliza hata mimi. Kisha ukaanza kusimama katikati ya ngazi pale kituo cha metro, umeshika ukuta, unajifanya unatafuta kitu kwenye mkoba. Nikakuambia nenda ukapime. Ukasema kama ipo, ipo tu; kama ni ya kupona utapona, na kama si ya kupona daktari atafanya nini?

Nikapandwa na hasira pale pale, watu wanatupita. Nikakuambia hoja hiyo ni ya zamani sana, wazee wangu waliijua na wakaipa jina: hoja ya mvivu.

"Kwa hiyo mimi mvivu? Mimi ninayebeba sahani kutwa?"

Nikakupa jibu lao. Kama imepangwa upone, basi imepangwa upone kwa kwenda kwa daktari. Huwezi kuuchukua mwisho ukaiacha njia. Vyote vimepangwa pamoja, kama anayepangiwa mtoto anavyopangiwa na wa kuzaa naye. Ukanitazama na lile tabasamu lako la kuudhi. "Sawa. Basi na kutokwenda kwangu nako kumepangwa."

 Nimesoma miaka yote ile, ukanifunga mdomo kwenye ngazi za metro. Tukapanda taratibu, mimi nimekushika kiwiko, nawe unaniambia niache, watu watadhani wewe ni mzee.

Ulianguka saa ya chakula cha mchana, unatandika meza. Wenzako waliniambia hukuugulia hata kidogo. Uma zilikuwa mkononi, zikatawanyika, wakadhani umeteleza.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui. Bi Fatuma wa Mombasa, anayeshona pale duka la chini ya jengo letu, hakuwahi kukupima hata siku moja. Kila ulipotaka gauni ulinituma mimi, eti miguu imechoka. Naye alikuwa anasema, "Mwache apumzike. Wewe na nduguyo ni mamoja." Basi nilishuka na kile kitambaa cha buluu ulichokiweka kwa ajili ya Krismasi, nikamwambia nataka gauni la wewe kusafiria kwenda nyumbani. Alichukua utepe wake, akanisogelea, akashusha mikono.

"Mwanangu, mimi siwezi kumpima mtu hai nguo ya maiti."

"Hujawahi kumpima yeye, Bi Fatuma," nikamwambia. "Utaanza leo?"

Akanipima. Alikuwa akilia na midomo inasoma dua zake, nami nanyoosha mikono, nazunguka anaponiambia nizunguke. Kesho yake ikabidi nilijaribu, maana mwingine wa kulijaribu hakuwapo. Nikasimama mbele ya kile kioo chake kirefu nikakuona, umevaa buluu, uko tayari. Bi Fatuma akakitupia kioo khanga. Gauni lilikukaa vizuri sana, dada. Nyumbani wote walilisifu.

Tangu siku hiyo najiona kama mtu aliyekwisha kupimwa. Moyo nao umeanza vituko vyake. Unapiga ovyo nikiwa nimekaa tu kazini, kichwani nimevaa spika za masikioni, mteja ananifokea kuhusu bili yake. Madam wangu ofisini ameniambia ni huzuni, nipumzike. Labda ni huzuni. Labda ni kama wale ndugu wawili, ninaufuata ugonjwa wako nyuma nyuma kama nilivyokufuata kuzaliwa.

Mama ananipigia kila jioni. Juzi, kwa kutafuta tu la kumliwaza, nikamsimulia habari ya mzee mmoja wa kale ambaye aliletewa habari kwamba mwanawe amekufa, akajibu kwa utulivu kuwa alijua tangu mwanzo amezaa mtu wa kufa. Nilikuwa naipenda habari hiyo chuoni. Nilidhani ndiyo akili yenyewe. Mama akauliza, "Na mama wa huyo mtoto naye alisema nini?" Nikasema hawakuandika. "Basi hawakuuliza," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaongeza, "Doto, nenda ukapimwe. Mimi nimebaki na nusu. Usinifanye niishi sijui hali ya hiyo nusu."

Sasa nikuambie ninachoogopa. Naogopa wakiukuta ugonjwa, kwa sababu ya Mama. Hilo kila mtu analielewa, ndilo ninalowaambia watu. Lile jingine sijamwambia mtu. Naogopa wasipoukuta. Tumechangia tumbo, sura, kipimo cha gauni, hata homa. Kama moyo wako ulikuwa mbovu na wangu ni mzima, basi hatukuwa mamoja. Itakuwa kuna mahali tuliachana zamani, kabla hata hatujazaliwa, na mimi nikaishi nawe miaka yote nisijue.

Usingizi unakuja. Barua nitaimalizia kesho.

*

Nimerudi.

Bi Fatuma alinisindikiza. Alifunga duka, arbab wake, mwenye duka, akanung'unika, naye akamwambia, "Khalas, ntarudi adhuhuri." Kutoka kituoni njia inapita mbele ya mgahawa wenu. Meza zilikuwa zimetandikwa. Nikasimama pale, miguu ikagoma, na ndipo nilipopata lile jibu nililolikosa kwenye ngazi. Ulisema na kutokwenda kwako kumepangwa. Ulijuaje? Nani alikuonyesha? Wewe hukujua, na mimi sikujua, na asiyejua kilichopangwa hana cha kushika ila miguu yake. Hilo tu. Jibu dogo namna hiyo, limekuja limechelewa, na wa kumwambia hayupo. Nililisema hata hivyo, kwa sauti, palepale njiani. Bi Fatuma alidhani naongea naye, akaniitikia, "Ndiyo, mwanangu, twende."

Walinipaka mafuta ya baridi kifuani, wakaniwekea kile kidude cha kutazamia, na kwenye skrini nikauona moyo unafumba na kufumbua. Nikafikiri: ndio huu. Huu ndio aliokuwa nao. Nikautazama kwa mapenzi, dada, kama unavyotazama picha ya mtu. Kisha wakanipitisha kwenye mashine nyingine kubwa, nikavaa, nikasubiri.

Daktari alikuwa yule yule. Alinichorea. Kwenye moyo wako, mshipa mmoja ulichipukia mahali pasipo pake tangu tumboni mwa Mama. Wangu uko mahali pake. Moyo wangu ni mzima kabisa. Nikamuuliza inawezekanaje, sisi ni mapacha wa kufanana. Akasema hata wa kufanana, wakati wa kuumbwa kitu kidogo sana kinaweza kwenda upande huu kwa mmoja na upande ule kwa mwingine. Nikamuuliza kwa nini yeye. Akasema, "Hatujui. Inatokea tu."

Wako wazee waliosema hivyo hivyo. Sikuwahi kukusimulia habari zao maana sikuwapenda. Walisema hakuna aliyeandika kitu. Dunia ni chembechembe zinazoanguka, na mara moja moja chembe inakengeuka kidogo, bila sababu, na kila kitu kinabadilika. Nilikuwa nasema hiyo si falsafa, ni kukata tamaa. Leo nimeiona imechorwa kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi ya hospitali. Chembe ilikengeuka, dada. Tulikuwa tumelala pamoja, tumebanana, ikanipita mimi ikaenda kwako. Kwa hiyo kumbe si lile funda la maji. Tuliachana mapema kuliko hapo.

Nikalia mpaka nikashindwa kusimama. Nesi, Mkenya, akaja mbio akanishika bega. "Ni machozi ya furaha, sindio sista? Si umeskia daktari? Uko fiti kabisa!"  Bi Fatuma ndiye aliyeelewa. Alinivuta kifuani akanifunika na mtandio wake. Nesi akaniletea maji. Nikanywa funda moja, nikakiweka kikombe chini, halikushuka.

Nimempigia Mama. Alipiga kigelegele peke yake kule Tabora, kisha katikati ya kigelegele akaanza kukulilia wewe. Nilimwacha amalize vyote viwili.

Mwezi ujao ni siku yetu ya kuzaliwa. Nimekaa nikalifikiria hili kwenye basi, njia nzima ya kurudi. Wewe utabaki na umri wako, mimi nitaongeza. Nitakuwa mkubwa wako, dada, na nitazidi kukuacha kila mwaka, na moyo wangu huu mzima, mpaka niwe kikongwe nina picha ya binti mwenye sura yangu. Hicho cheo sikitaki. Nilikibishania tangu utoto, nawe ulikuwa na haki, chukua. Hata nikifika miaka tisini, wewe ndiye uliyetangulia.

Lala salama. Gauni lisikubane.

Mdogo wako bado,
Doto