Nyota Haiandikwi Peke Yake

Jumanne, 5 Novemba 2019

Hospitali leo. Presha ya macho imepanda tena. Jicho la kushoto ni ukungu mtupu, la kulia linajikongoja. Nimezoea. Ila Daktari Ushijima alipomaliza kupima akaniuliza kama miguu inakufa ganzi. Miguu! Kisha kizunguzungu. Kisha choo!

"Daktari," nikamwambia, "ukitoka chooni utarudi machoni?"

Akacheka. Chizuru hakucheka. Akanijibia upesi: "Mama miguu haimsumbui." Nani kamtuma?

Halafu wakabaki wawili kwenye korido, wananong'ona. Binti yangu mwenyewe! Na mimi benchini kama mzigo.

Alhamisi, 7 Novemba

Wanadhani sielewi. Maisha yangu yote ya kazi, hapa hapa Kumamoto, niliyapa magonjwa namba kwenye faili za hospitali. Glakoma, hii presha ya macho, ikizuka yenyewe ina namba yake, inajitegemea. Iliyoletwa na ugonjwa mwingine huwekewa alama ya nyota, na nyota haiandikwi peke yake. Lazima itanguliwe na ugonjwa ulioileta, wenye alama ya upanga. Vijana wakisahau, niliwarudishia faili: "Nyota hii ya nani?"

Sasa nyota ni mimi. Daktari anautafuta upanga.

Kwenye supu ya miso Chizuru akaanza: "Mama, mjomba Kozo alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Moyo tu?"

"Umeajiriwa polisi?"

Akainamia bakuli. Anataka kunipeleka makao ya wazee, huyu. Akipata ugonjwa mzito wa kuwaonyesha, watanipokea haraka.

Jumamosi, 9 Novemba

Chizuru anavaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba. Baridi, anasema. Baridi gani?

Jumapili, 10 Novemba

Nakiri. Hapa, maana siku zangu si nyingi na sina pengine pa kukiri.

Mama yangu na kaka yangu Kozo waliuawa na ugonjwa mmoja, amiloidi. Protini mbovu inajikusanya kwenye neva, moyoni, machoni. Ninao. Siku ile daktari alipouliza, niliacha jibu la Chizuru lipite. Uongo. Wiki iliyopita niliunguza kisigino chini ya meza yenye kipasha miguu moto na nikajua kwa harufu tu! Nimekifunika kwa soksi.

Ni ugonjwa wa ukoo. Mtoto ama anaurithi ama ananusurika, nusu kwa nusu. Nami ninaye mmoja tu. Nikiutaja upanga, nimemchoma nao. Nisipoutaja — dawa siku hizi zipo, lakini za anayewahi.

Nitamwambia. Kesho, kwenye chai.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilianza vizuri. "Chizuru, kuhusu mjomba wako —"

"Ngoja nimimine kwanza, Mama."

Birika likamponyoka. Nikaona mvuke unapanda kutoka miguuni kwake. Nikangoja ukelele.

"Aa, mkeka umelowa," akasema. Amesimama palepale, ndani ya maji ya moto, anatafuta kitambaa kwa macho!

"Mguu wako!"

"Mguu una nini?"

Akatazama chini. Kumbe kule koridoni hakuwa ananisema mimi; alikuwa anajisema mwenyewe.

"Vua soksi, mwanangu. Tumwagie maji baridi."

Akaketi mbele yangu, taratibu.

"Anza wewe, Mama."

Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi. Ananitazama kisigino. Hakuna aliyevua bado.