Mpunga Mbichi wa Kitaya

Kaka Hamisi,

Leo sikuletei dua. Nina hasira nawe, na kwa kuwa huwezi kunikatiza kama ulivyozoea ofisini, utanisikiliza.

Ile programu yako ya kukadiria maji ya Ruvuma imetuumbua. Ulipofariki, kompyuta yako ilianza kujizima kwa joto, ofisi ikaninunulia nyingine hapa Mtwara. Programu ikagoma kabisa. Uliishona kwa ajili ya prosesa yako tu, ule ubongo wa mashine, ukaipa amri ambazo prosesa nyingine haizijui, ili imalize hesabu kabla chai yako haijapoa. "Mashine yangu naijua kuliko mke wangu," ulisema, nasi tukacheka.

Niliondoa manjonjo yako, nikaijenga upya kwa namna ambayo kompyuta yoyote inaielewa. Ikawa inajikokota, chai inapoa unachemsha nyingine, lakini ilifanya kazi. Masika yalipofika nikazipa mashine zote mbili vipimo vilevile vya mto, yako nikiipoza kwa feni isijizime. Yako ikasema maji yatavuka ukingo na kuingia mashambani Kitaya. Mpya ikasema yataishia chini kidogo ya ukingo. Baadaye ndipo nikagundua: kumbe ili uwahi, ulikuwa unavuruga mpangilio wa kujumlisha na kukata desimali njiani. Ulijua, na hukumwambia mtu.

Mama Asumini, kiongozi wa wakulima kule, akapiga simu. "Mwanangu, tuvune au tungoje?" Mpunga ulikuwa bado mbichi. Nikaamini jibu lako, kaka, kwa sababu lilikuwa lako. Nikamwambia wavune.

Maji hayakuja.

Nimeenda Kitaya kuomba radhi. Mama Asumini hakunikaribisha kuketi. Alinipa mfuko wa mpunga ule, mapepe matupu, akasema, "Mpelekee fundi wako kaburini." Wajukuu zake watakula nini mpaka msimu ujao, sijui. Wewe umelala.

Haraka ilikuwa ya nini? Mto wenyewe hutembea siku kadhaa kufika Kitaya. Hesabu ingechelewa saa moja, nani angeumia? Ulinifundisha kazi hii yote, mpaka leo nikisikia mtu akipuliza chai nageuka nikidhani ni wewe. Ndiyo maana inaniuma hivi. Ungekuwa fundi wa hovyo nisingekuamini.

Siku ya maziko kaka yako alisimama, kama ilivyo desturi, akauliza nani anamdai marehemu. Wakati huo sikujua kama nakudai. Juzi nimemfuata Mikindani nikamwambia namdai Hamisi jibu moja, lile lile kwenye kila kompyuta. Hakunielewa. Akaniomba nikusamehe. Nikapanda daladala kurudi Mtwara.

Nitaiandika upya, iende polepole inavyotaka. Masika yajayo nitaiendesha kwenye kompyuta kadhaa tofauti, ubavuni mwa Mama Asumini, aone mwenyewe. Zikisema neno moja, nitakuja kaburini kukusamehe.

Pumzika, kaka. Kwa sasa bado nakudai.

Zuhura