Uso wa Kuuza Matairi

Jumatatu, 9 Agosti 1954
Rahemtula, muuza matairi, leo kasema wazi. Kati ya madereva wake wa malori atachagua mmoja aendeshe gari lake kwenye mashindano makubwa ya mwakani — na picha yake ibandikwe kila duka. Nikamwambia mimi humwacha dereva mwenzangu Mbonile nyuma siku zote. Akasema anajua, lakini Mbonile anacheka, anapunga mkono, watu wanamkimbilia. Mimi nimenuna kama niliyenyimwa ugali.

Ati uso! Jumamosi tunashindana, Igamba hadi Tunduma. Nitashinda, atanichukua tu.

Jumatano, 11 Agosti
Tulinagwe, mke wangu, kanishikia kioo nijifunze kucheka. Akacheka yeye mpaka akakaa chini. Basi, nimeachana na meno. Nimekaza breki, nimesafisha kabureta.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimeshindwa. Nilikuwa mbele, hata vumbi la Mbonile silioni. Karibu na Tunduma, kwenye kona — mama mkwe, mtungi kichwani. Kwetu mkwe hapitwi uso kwa uso, wala hatimuliwi vumbi. Nikafunga breki, nikaruka, nikajificha kichakani, nikampa mgongo ili apite. Kumbe naye kajificha kichaka cha ng'ambo, anangoja nipite mimi. Tukangojana. Mbonile akatupita wote, anapunga mkono.

Roho inaniuma. Sitaki kuongea na mtu.

Jumatatu, 16 Agosti
Mji mzima unasimulia. Sokoni wananiinamia, wananipigia makofi ya heshima. Dukani wanaulizia matairi ya yule dereva mwenye adabu. Rahemtula kaja mwenyewe nyumbani: nafasi ni yangu. Sharti moja — picha. Mimi, gari, na mama mkwe, tumesimama pamoja, tunacheka.

Nikasema haiwezekani. Akasema basi atamchukua Mbonile.

Jumanne, 17 Agosti
Naandika kwenye usukani, nje ya duka. Nafasi hii naitaka na nitaipata. Tulinagwe kaja dirishani: mama amekubali, kwa ajili yangu, ila tangu asubuhi hajala kitu. Nimeumia.

Sasa nasikia kikohozi nyuma ya lori. Ni mama mkwe, ananijulisha yupo. Mpiga picha anasema nishuke, nigeuke, nicheke. Nimemjibu nitashuka, sitageuka. Atupige hivyo hivyo, kila mtu na mgongo wake, gari katikati.

Rahemtula anauliza nani atanunua tairi kwa kisogo. Nimemwambia apige kwanza.