Nimeshazikwa kwenye Fomu ya Shule, Nirudi Kama Nani?

Tarehe 3 Novemba. Leo ni miaka minne na miezi mitano tangu nitoke nyumbani.

Shangazi wa ukurasa huu,

Sijui barua ya namna hii huanzaje, kwa sababu sijawahi kusikia mtu aliyekufa akiandika gazetini, lakini nakuomba unisome mpaka mwisho na unipe msaada, maana mimi ni marehemu tangu mwezi wa pili mwaka jana na taarifa nimeipata wiki tatu zilizopita.

Mimi ni fundi wa nondo. Kazi yangu ni kufunga nondo kwa waya kabla zege halijamwagwa, kutwa nimeinama, koleo mkononi, jua mgongoni, kwenye jengo ambalo sasa limefika ghorofa ya kumi na moja, na tunalala wanaume sita ndani ya kontena moja, vitanda vya juu na chini, mimi nalala juu na chini yangu analala fundi bomba tunayemwita Kipara. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea kuandika usinicheke, cheka pale nitakapostahili.

Jumapili moja mchana nilikuwa nafua, Kipara akaja na simu yake akisema, "Hebu acha nguo uone mtoto anavyoliza watu wazima, huyu atakuja kuwa mbunge." Ilikuwa video iliyosambaa ya sherehe ya shule, watu wa serikali wamekuja kukabidhi matangi ya maji na madawati, na msichana amesimama mbele, soksi nyeupe, anasimulia habari za baba yake aliyekwenda mbali kutafuta maisha akaanguka kutoka ghorofani akifunga nondo. Nikasema masikini, kumbe ni fundi mwenzetu, na roho ikaniuma kweli, nikawa nafikiria ni jengo gani hilo ambalo hatukulisikia. Halafu mtoto akageuza uso, nikaona kovu juu ya nyusi, kovu alilolipata akiwa na miaka mitatu kwenye kizingiti cha jikoni kwangu.

"Huyo ni mwanangu," nikamwambia Kipara.

"Na aliyeanguka?"

"Nadhani ni mimi."

Kipara akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye povu la sabuni. "Pole sana," akasema. "Ulikuwa mtu mwema."

Tangu siku hiyo hakuna anayeniita jina langu hapa. Marehemu, pitisha chumvi. Marehemu, leo zamu yako ya kufagia. Msimamizi naye amelidaka, asubuhi akiita majina akifika kwangu anavua kofia.

Nikampigia mke wangu. Nilikuwa na hasira za kutosha ila sikujua nianzie wapi, nikamuuliza tu, "Mama watoto, mimi nimekufa lini?"

"Mwezi wa pili mwaka jana," akajibu, kama mtu aliyeulizwa bili ya umeme inalipwa lini.

Akanieleza. Serikali ina mpango wa kusaidia shule, na fedha zinapitia ofisi ya elimu ya wilaya, na shule yenye mayatima arobaini au zaidi inapata chakula cha mchana kwa wanafunzi wote, madawati na matangi, halafu mayatima watatu wenye alama nzuri kuliko wote wilayani wanasomeshwa sekondari ya bweni bila kulipa kitu mpaka wamalize, na shule ya binti yangu ilikuwa na mayatima thelathini na mmoja. Mwalimu mkuu akaita mkutano wa wazazi. Akasema, "Ndugu wazazi, watoto wenu wanasinzia mchana kwa njaa, na mimi nimepungukiwa na marehemu tisa." Karani wa ofisi ya wilaya alikuwepo, mke wangu anasema alikaa kando akichokonoa meno, na mzazi mmoja alipouliza kama hilo jambo ni halali, karani akasema, "Nyie jazeni, sisi hatuna kazi ya kufukua makaburi. Fedha zisipotumika zinarudi makao makuu, na mwaka ujao wilaya inapunguziwa."

Wanawake wakatazamana. Mke wangu akanyoosha mkono wa kwanza. Wa kwanza, Shangazi! Hakusubiri hata mwenzake aanze. Jirani yetu, ambaye mume wake ni dereva wa lori, naye akamtoa wake, lakini mwalimu mkuu akamkataa, akasema marehemu wako nilimwona jana akinywa soda pale dukani. Mimi sikukataliwa. Hakuna aliyeniona.

Sasa binti yangu, ambaye yuko darasa la sita au la saba, amechaguliwa kuwa mmoja wa wale watatu. Anaanza bweni mwezi wa kwanza. Na mimi nimepewa likizo yangu ya kwanza tangu nije huku, na tiketi nimeshakata.

Nikamwambia mke wangu nakuja. Akasema, "Njoo, lakini uje kama mdogo wake marehemu."

"Yaani mimi niwe mdogo wangu mwenyewe?"

"Mnafanana sana, watu wataamini. Watoto watakuita baba mdogo. Upitie nyuma ya nyumba, ukae wiki mbili, uondoke."

Nyuma yake nikamsikia mama mkwe akisema kwa sauti, makusudi nisikie, "Mwambie asituharibie. Hata alipokuwa hai alikuwa haonekani."

Binti akachukua simu. "Shikamoo, baba mdogo," akasema, akacheka, nami nikacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka naye tangu sijui lini. Nikamwambia umesimulia vizuri, hata mimi nilijililia. Nikamuuliza, yale machozi mwalimu ndiye aliyekufundisha? Akasema, "Hapana, mwalimu alinifundisha maneno tu." Halafu salio likaisha.

Shangazi, nikijitokeza mwanangu anapoteza nafasi, mwalimu mkuu anamwaga unga, shule nzima inarudi kusinzia mchana, na mke wangu anatajwa mtaa mzima. Nisipojitokeza basi nimekufa kweli, nitakuwa napokelewa kwa mlango wa jikoni kwenye nyumba niliyoipiga lipu mwenyewe. Naomba usiniambie habari za sheria peke yake, sheria hata Kipara anaijua. Na usifikiri sikuijali familia, pesa natuma kila ninapopata, na mke wangu mwaka juzi alinitumia fomu fulani ya shule nikagongeshe mhuri kazini, ya kuonyesha nalipwa kiasi gani, nikaiweka chini ya godoro, mambo yakawa mengi ikapitwa na wakati, lakini hilo si muhimu. Kwetu wanajua mimi ni msimamizi, hilo nalo si muhimu.

Niambie tu nirudi kama nani. Baba au baba mdogo? Basi linaondoka huku tarehe 17 Desemba. Natarajia kushuka nyumbani Jumamosi ya tarehe 19, asubuhi.

Ni mimi,
Marehemu wa ghorofa ya kumi na moja

SHANGAZI ANAJIBU

Marehemu,

Pole. Hiyo pole moja inakutosha, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kufunga mlango. Mara ya pili nikaona mahali ulipojificha. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mwalimu mkuu, karani, mama mkwe na jirani mke wa dereva, halafu kule chini kabisa ukapitisha mambo mawili na kusema "si muhimu". Bwana, hayo ndiyo yaliyokuua.

Kwanza, hiyo fomu. Nimempigia simu mtu ninayemfahamu, amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, si ya kwenu. Nimemuuliza kuhusu mpango wenu. Akaniambia una makundi mawili. Kundi la kwanza ni yatima. La pili ni watoto ambao wazazi wao wako hai lakini kipato chao ni kidogo, na hao nao wanalishwa, wanahesabiwa kwenye idadi ya shule, na wenye alama nzuri wanasomeshwa. Sharti lake moja: karatasi ya mshahara wa mzazi, yenye mhuri wa mwajiri. Unaijua karatasi hiyo. Umeilalia miaka miwili.

Na kwa nini uliilalia? Kwa sababu nyumbani wewe ni msimamizi. Mhuri ungekwenda na mshahara wa fundi wa nondo, na mkeo angejua kwamba yule anayevua kofia asubuhi ndiye msimamizi, si wewe. Ukaona bora mtoto akose kuliko wewe ushushwe cheo. Sasa umeshushwa kutoka baba mpaka baba mdogo. Hongera.

Unalalamika mkeo alinyoosha mkono wa kwanza. Ningekuwa mimi ningenyoosha yote miwili. Aliomba karatasi ya mume aliye hai, haikuja. Akaombwa jina la mume aliyekufa, akalitoa papo hapo. Alitumia alichonacho.

Simtetei. Wala simtetei mwalimu mkuu, ingawa namwelewa mtu anayesomesha watoto wanaosinzia kwa njaa. Karani ndiye simwelewi hata chembe. Yeye ndiye alikuwa na orodha ya makundi yote mawili mfukoni, na kazi yake ilikuwa kusimama na kusema, "Jamani, hakuna haja ya kuua mtu, kuna fomu nyingine." Lakini fomu nyingine ina kazi: kufuatilia mihuri, kupiga simu, kuandika barua kwa waajiri walioko mbali. Marehemu hawahitaji mhuri. Fedha zikaisha kwa wakati, ripoti ikapendeza, yeye akaendelea kuchokonoa meno. Serikali ilituma msaada, wilaya ikatafuta njia fupi ya kuumaliza.

Lakini kuna mtu ambaye hukumtaja hata mara moja. Nafasi za bweni kwa mayatima wa wilaya ni tatu. Mwanao ana moja. Mahali fulani, shule ya jirani, yupo mtoto wa nne kwenye orodha hiyo. Baba yake huyo hana tiketi ya tarehe 17.

Basi sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kesho asubuhi, msimamizi akivua kofia, mwombe mhuri. Fomu ile imepitwa na wakati? Aandike barua: unafanya kazi gani, unalipwa nini, tangu lini. Atacheka. Mwache acheke, amekucheka mwezi mzima bure, safari hii acheke na apige mhuri.

Kabla hujapanda basi, mpigie mkeo. Weka salio la kutosha, si lile lako la kukatikia pazuri. Mwambie mshahara wako halisi. Atakasirika, na itakuwa haki yake, ila nakuhakikishia hatashtuka kama unavyofikiri. Mwanamke anayepokea pesa zako kila unapopata anajua zamani kwamba hizo si pesa za msimamizi. Amekutunzia heshima miaka minne. Mshukuru kwa hilo kabla hujamlaumu kwa mkono.

Ukifika usipite nyuma ya nyumba. Jumatatu yake nenda na mkeo kwa mwalimu mkuu mkiwa na karatasi mkononi. Mwambie orodha hupitiwa upya kabla shule hazijafunguliwa, mtoto anaweza kutolewa kundi la kwanza na kuingizwa la pili, na idadi ya shule haipungui hata kichwa kimoja. Mwambie vilevile kwamba wake wa wale marehemu wengine wanane wanaweza kuwaomba waume zao barua ya mwajiri kama hiyo yako. Akisahihisha mwenyewe kabla hajaulizwa, huenda asimwage unga. Halafu mwende wote wilayani, na karatasi hiyo aipokee karani mbele ya mkubwa wake, si pembeni.

Sitakudanganya. Inawezekana binti akakosa bweni mwaka huu. Kundi la pili nalo lina foleni, na alama zake zitashindana na za wengine. Akikosa, atasoma shule ya kutwa na wewe utalipa, kwa mshahara ambao sasa nyumba nzima inaujua. Nami nadhani atasoma vizuri zaidi akiwa na baba wa kawaida kuliko na marehemu wa kusifiwa jukwaani.

Maana yale machozi, bwana, yeye mwenyewe amekuambia. Mwalimu alimpa maneno. Mengine alikuwa nayo nyumbani.

Jambo la mwisho. Umeandika yuko "darasa la sita au la saba". Wanaochaguliwa kwenda sekondari ni wa darasa la saba. Lishike hilo njia nzima ndani ya basi, na Jumamosi tarehe 19, akija kukupokea kituoni, usimuulize yuko darasa la ngapi. Mwambie.

Shangazi